Tume Isiyozuilika: Barua ya Wazi kwa Wabunge na Waziri wa Katiba na Sheria

Waheshimiwa Wabunge wa Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Katiba na Sheria,

YAH: UHURU NA NGUVU YA TUME YA HAKI ZA BINADAMU NA UTAWALA BORA

Nawaandikia kwa heshima, na nawaandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe ni la wananchi wote. Mimi ni msaidizi wa kisheria katika wilaya moja ya Kanda ya Ziwa. Kazi hii naifanya kwa mwaka wa 14 sasa, tangu kabla Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 haijaja kututambua rasmi. Wanaofika kwangu hawaji na mawakili. Huja na bahasha ya kaki iliyochakaa, au na karatasi zilizofungwa fundo kwenye pindo la kanga: hati ya mauziano ya shamba yenye muhuri wa mtendaji wa kijiji, uamuzi wa baraza la kata, fomu ya PF3 ambayo polisi humpa majeruhi akatibiwe, barua ambayo haikujibiwa.

Mwaka juzi alikuja mama mmoja mjane. Mwanawe, dereva wa bodaboda, alikuwa ameshikiliwa katika kituo kimoja cha polisi kwa siku 11 bila kufikishwa mahakamani, akatoka akiwa na mkono uliovunjika. Mama yule alikuwa na PF3, picha ya eksirei, na daftari la shule ambamo mjukuu wake alimwandikia kila siku aliyokwenda kituoni kupeleka chakula: tarehe, saa, aliyemkuta kaunta, na alichojibiwa. Siku ya tatu aliambiwa kijana hayupo pale. Siku ya nne chakula kilipokewa. Siku ya saba aliambiwa arudi kesho, na siku ya nane pia. Nimeona majalada ya watu waliosomea sheria ambayo hayakupangwa vizuri kama daftari lile.

Nilimweleza kwamba iko Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, kwamba lalamiko halihitaji wakili wala ada, na kwamba barua inatosha. Tukaandika. Alipokwisha kuweka dole gumba kwenye karatasi, akauliza swali ambalo ndilo lililonisukuma kuandika barua hii. Alitaka kujua kama hao watu wa Tume, wakishaanza kuchunguza kisha mkubwa akawaambia waache, wataacha.

Nilikuwa na nakala ya Katiba mezani. Nikaifungua, nikasoma kimya kimya, nikashindwa kumjibu kwa neno moja.

Waheshimiwa, mnaijua Ibara ya 130, lakini naomba tuisome pamoja kama alivyoisikia mama yule nilipojaribu kumfafanulia. Ibara ndogo ya (2) inaifanya Tume kuwa idara inayojitegemea, isiyolazimika kufuata maagizo ya mtu yeyote, idara yoyote ya Serikali, wala chama chochote cha siasa. Mtu akiishia hapo, anafunga kitabu moyo ukiwa umetulia. Lakini ibara ndogo ya (3), inayofuata papo hapo, inampa Rais uwezo wa kuipa Tume maelekezo au amri kuhusu jambo lolote, na Tume inapaswa kuyazingatia iwapo Rais ataridhika kwamba maslahi ya Taifa yanahitaji hivyo. Ibara ndogo ya (4) nayo inasema Tume inaweza kuanzisha uchunguzi inapoona inafaa, isipokuwa kama Rais ataiagiza isifanye uchunguzi huo. Anayepaswa kuridhika ni Rais mwenyewe, na ibara hiyo haimtaki awaeleze ninyi Wabunge, wala mlalamikaji, kilichomridhisha.

Najua hoja itakayotolewa: kwamba kifungu hicho ni cha tahadhari tu, kipo kwa ajili ya siku ya hatari ya vita au siri za ulinzi. Naiheshimu hoja hiyo, ila naona haiendani na maneno yaliyoandikwa, kwa sababu Katiba haikusema ulinzi wala vita. Imesema jambo lolote. Na kama kweli kifungu hakitumiki, kukifuta hakutaigharimu Serikali chochote. Madhara yake yapo hata bila kutumika. Mchunguzi anayejua kwamba agizo moja linaweza kulifunga jalada lake hujifunza mapema majalada yapi ayafungue na yapi ayaache kabatini, na hakuna taarifa ya mwaka itakayowahi kuyahesabu yale ambayo hayakufunguliwa.

Kifungu hicho kina asili yake, na asili hiyo inaeleza mengi. Mwaka 1966, mwaka mmoja baada ya nchi kuingia rasmi katika mfumo wa chama kimoja, iliundwa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, ya kwanza ya aina yake katika Afrika. Wajumbe wake walizunguka mikoani kusikiliza wananchi waliodhulumiwa na watendaji, na wazee wa kwetu bado wanakumbuka mikutano ile kwa heshima. Lakini taarifa za Tume ile zilikwenda kwa Rais, na Rais ndiye aliyekuwa na neno la mwisho juu ya kipi kichunguzwe. Kwa wakati ule hilo lilikuwa na mantiki yake, kwa maana Tume ilikuwa sikio la Rais, na mwenye sikio ndiye anayeamua kusikiliza. Mabadiliko ya 13 ya Katiba ya mwaka 2000, na Sheria Na. 7 ya mwaka 2001 iliyofuata, yaliiondoa Tume ile na kuleta hii ya sasa, yenye wajibu wa kulinda haki za mwananchi dhidi ya yeyote anayezivunja, Serikali ikiwemo. Hapo ilizaliwa taasisi ya aina nyingine kabisa. Waliojenga nyumba hii mpya, hata hivyo, waliiacha ile ibara ya amri ya Rais, ambayo ilifaa kwa nyumba ya zamani.

Wakati huo huo dunia nayo ilikuwa imeshakubaliana juu ya kipimo. Kanuni za Paris ziliandikwa mwaka 1991, na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likazipitisha Desemba 20, 1993 kwa Azimio Na. 48/134. Zinataka taasisi ya haki za binadamu iundwe kwa Katiba au sheria, ipewe mamlaka mapana kadiri inavyowezekana, iwe na wajumbe wanaotokana na makundi mbalimbali ya jamii, ipewe fedha zitakazoiwezesha kuwa na watumishi na ofisi zake yenyewe ili isitawaliwe na Serikali kwa njia ya hazina, na wajumbe wake wateuliwe kwa muda maalumu unaojulikana. Kamati ya muungano wa kimataifa wa taasisi hizi hupima kila taasisi na kuipa daraja, A au B. Majirani zetu Burundi waliionja adha yake: mwaka 2018 tume yao ilishushwa hadi daraja B baada ya kutiliwa shaka uhuru wake wa kusema juu ya yaliyotokea katika mgogoro ulioanza mwaka 2015, ikarudishiwa daraja A mwaka 2021. Daraja lina faida yake, kwa sababu ndilo linaloipa taasisi sauti kamili katika Baraza la Haki za Binadamu kule Geneva. Hata hivyo mama wa daftari hakuniuliza juu ya Geneva. Aliuliza kama Tume inaweza kuzuiwa, na nadhani swali lake ni kipimo kikali kuliko madaraja yote, kwa kuwa linafika moja kwa moja kwenye kiini cha uhuru wenyewe.

Nawaandikia wakati huu, na sikutaka kungoja, kwa sababu milango mingine ambayo mwananchi angebisha ilifungwa mmoja baada ya mwingine. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko Arusha, ndani ya nchi yetu. Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na asasi kupeleka mashauri yao pale moja kwa moja, na tangu Novemba 2020 uondoaji huo unafanya kazi. Mtanzania anaweza kupita mbele ya jengo lile kila siku akienda sokoni, lakini hawezi kuingia kwa jina lake kufungua shauri jipya dhidi ya nchi yake. Mwaka 2020 pia, Bunge lilirekebisha Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi, na anayefungua shauri la haki za msingi Mahakama Kuu akatakiwa aonyeshe jinsi yeye binafsi alivyoathirika. Kwa wenye uwezo huenda hilo lilikuwa usumbufu tu. Kwa mtu wa kijijini, ambaye alikuwa akitegemea asasi isimame kwa niaba yake na ya wenzake 200 waliofukuzwa pamoja naye, maana yake ilikuwa kwamba hana wa kumsemea. Mlango uliobaki wazi, usio na ada wala masharti ya kitaalamu, ni wa Tume. Kwa hiyo kila udhaifu wa Tume leo una uzito maradufu ya ule uliokuwa nao miaka 10 iliyopita.

Sasa niseme juu ya viti. Katiba inasema makamishna wanateuliwa na Rais baada ya kushauriana na Kamati ya Uteuzi, kamati yenye viongozi wa mhimili wa Mahakama na maspika wa mabunge yetu mawili, na Naibu Mwanasheria Mkuu wa Serikali akiwa katibu wake. Ni watu wazito, na siwavunjii heshima. Lakini ndani ya chumba hicho hayumo mtu wa chama cha wanasheria, wala wa asasi za wananchi, wala wa vyama vya watu wenye ulemavu, na anayeandika mihtasari ya vikao ni afisa wa ofisi ile ile inayoitetea Serikali pale inapolalamikiwa mbele ya Tume. Kamishna anateuliwa kwa miaka 3, na anaweza kuongezewa mingine 3. Fikirini nafasi ya mtu huyo katika mwaka wake wa tatu, akiwa na jalada zito mezani linalomgusa mtu mwenye sikio la wakubwa, huku barua ya kumwongezea kipindi ikiwa bado haijatoka. Siwatuhumu waliopo wala waliopita. Nasema tu kwamba sheria nzuri haimweki mtu mwaminifu katika jaribu asilolihitaji.

Na kuna jambo baya kuliko uteuzi wenye kasoro, nalo ni kutokuwapo uteuzi kabisa. Kabla ya uteuzi wa Septemba 2019, Tume ilikaa zaidi ya mwaka mmoja bila mwenyekiti na bila makamishna. Watumishi walikuwapo, ofisi zilikuwapo, bango lilikuwapo mlangoni, lakini chombo chenyewe, kwa maana ya watu waliokabidhiwa na Katiba mamlaka ya kuamua, hakikuwapo. Hakuna aliyelazimika kutoa amri ya kuzuia uchunguzi wowote katika kipindi hicho, kwa sababu kiti kitupu huzuia chenyewe, tena bila saini ya mtu. Nchi haiachi kiti cha Jaji Mkuu wazi kwa zaidi ya mwaka mmoja ikasema mchakato unaendelea. Sheria iseme wazi kwamba mchakato wa kujaza nafasi uanze miezi 6 kabla muda wa kamishna haujaisha, na kwamba kamishna aliyepo ataendelea hadi mrithi wake aapishwe. Kifungu cha namna hiyo hakizidi mistari 4.

Kuhusu fedha sitasema mengi, kwa sababu Kamati yenu ya Katiba na Sheria inazijua takwimu kuliko mimi. Tume ina fungu lake katika bajeti, na hilo ni jema. Lakini kuidhinisha fungu ni jambo moja, na fedha kutoka ni jambo jingine. Nje ya makao makuu Dodoma ofisi zake ni chache, zikiwemo za Mwanza na Lindi, na kila moja inatazama mikoa mingi. Mtu wa kwetu anayetaka kuonana na afisa ana kwa ana hulala njiani. Ninyi mkipitisha bajeti, naomba mdai pia taarifa ya kila robo mwaka ya kiasi ambacho Hazina imekitoa kwa Tume na tarehe iliyokitoa.

Jambo ambalo nataka kulizungumza kwa kirefu ni lile linalotokea baada ya Tume kusema. Hapa ninayo habari ya Nyamuma.

Mwaka 2001, katika kijiji cha Nyamuma wilayani Serengeti, mkoa wa Mara, wananchi waliondolewa kwa nguvu katika ardhi waliyokuwa wakiishi, na nyumba zao zikachomwa moto. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilipeleka lalamiko kwa Tume kwa niaba ya watu 135. Tume ilikuwa changa, ina miaka michache tu, na ilifanya kazi yake kama ilivyopaswa: ilikwenda, ikasikiliza mashahidi wa pande zote, na mwaka 2004 ikatoa uamuzi kwamba haki za wanakijiji zilivunjwa, ikapendekeza walipwe fidia. Ilikuwa ni mara chache katika historia yetu chombo cha umma kuwaambia viongozi wa umma, kwa maandishi, kwamba wamekosea. Serikali ilikataa mapendekezo yale. Haikukata rufaa, kwa sababu pendekezo halikatiwi rufaa. Iliandika tu kwamba haikubaliani.

Hapo ndipo wanakijiji wa Nyamuma walipoonyesha uvumilivu ambao sisi tunaofanya kazi hii tunausimulia hadi leo. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Tume kinasema kwamba iwapo hatua za kuridhisha hazijachukuliwa ndani ya muda uliowekwa, Tume inaweza kwenda mahakamani yenyewe au kumshauri mtu mwingine mwenye sifa aende, kuomba mapendekezo yatekelezwe. Shauri likafunguliwa Mahakama Kuu, ambayo ilijiona haina mamlaka ya kulisikiliza. Likakatiwa rufaa mwaka 2006, na Mahakama ya Rufani ikasema mamlaka hayo yapo. Kwa mwanasheria huo ni ushindi mkubwa na wa kufundishia vyuoni. Kwa mtu ambaye nyumba yake iliungua mwaka 2001, ilikuwa ni ruhusa ya kuanza kudai upya, mbele ya mahakama nyingine, jambo ambalo Tume ilikuwa imeshalichunguza na kulimaliza. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa moto alikuwa tayari yuko shuleni.

Niliwahi kumsikia afisa mmoja katika semina akisema kwamba mapendekezo ya Tume ni ushauri, na ushauri haumlazimishi mtu. Kisheria hakukosea. Lakini kuna njia kati ya ushauri unaotupwa kapuni na hukumu inayofunga mikono ya Serikali, na nchi nyingine zimeitafuta. Uganda, kwa Ibara ya 53 ya Katiba yao ya mwaka 1995, iliipa tume yake mamlaka yanayofanana na ya mahakama: inaweza kuamuru aliyeshikiliwa aachiwe, inaweza kuamuru fidia ilipwe, na asiyeridhika anakata rufaa Mahakama Kuu. Mzigo wa kukimbilia mahakamani umehamishwa kutoka kwa aliyeonewa kwenda kwa aliyeonea. Nakiri kwamba Uganda yenyewe inatufundisha na upande wa pili, kwani tuzo za fidia zilizotolewa na tume yao zimekuwa zikisubiri malipo ya Serikali kwa miaka. Amri isiyo na fungu la kuilipia ni karatasi nyingine tu ya kukunjwa mara nne.

Mimi sidai mnakili mfumo wa Uganda wote. Naomba kitu kidogo zaidi ambacho naamini kingebadilisha mengi: mamlaka iliyopewa mapendekezo na Tume iwe na siku 60 za kujibu kwa maandishi, ikisema imeyakubali na itayatekeleza lini, au imeyakataa na kwa sababu gani, majibu hayo yachapishwe, na ikinyamaza baada ya siku hizo, mapendekezo yasajiliwe Mahakama Kuu na kukaziwa, yaani kutekelezwa kwa lazima, kama uamuzi wake. Kama Serikali inaona Tume imekosea, iende mahakamani ikaonyeshe kosa. Wanakijiji 135 wasiwe ndio wanaotafuta nauli.

Hali ni hiyo hiyo kwa taarifa ya mwaka. Kwa Ibara ya 131, Tume inaikabidhi kwa Waziri, naye Waziri ndiye anayeiwasilisha Bungeni. Mheshimiwa Waziri, sisemi kwamba wewe au waliokutangulia mmeifungia sandukuni. Nasema kwamba taarifa inayoweza kuwa na maneno makali juu ya Serikali haipaswi kupitia mikononi mwa Serikali kabla haijawafikia wawakilishi wa wananchi. Iende kwa Spika moja kwa moja, iwekwe mezani, na itengewe siku ya mjadala kabla ya Bunge la Bajeti, ili Mbunge wa jimbo langu awe ameisoma atakapoulizwa apitishe fedha za wizara zilizotajwa ndani yake.

Naomba mtazame pia kaskazini mwa mpaka. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara za 249 hadi 251, inasema tume huru hazipokei maelekezo ya mtu yeyote, na haikuweka ibara ndogo ya kuyarudisha kwa mlango wa nyuma yaliyosemwa. Kamishna anashika nafasi kwa kipindi kimoja cha miaka 6, hateuliwi tena, na haondolewi ila baada ya ombi kupelekwa Bungeni na baraza maalumu kuchunguza. Thamani ya maneno hayo ilionekana mwaka 2024. Baada ya vijana kuuawa katika maandamano ya Juni ya kupinga Muswada wa Fedha, Rais wa nchi alitaja vifo 19. Siku iliyofuata, Julai 1, Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ikatoa hesabu yake: waliokufa 39, waliojeruhiwa 361. Tume ile haikuzuia risasi, na mauaji hayakukomea hapo. Nisingependa mtu adhani napamba hali ya jirani. Lakini mzazi aliyepoteza mwanawe alijua kwamba kuna chombo cha umma, kinacholipwa kwa kodi yake, kilichomhesabu mtoto wake wakati wengine walikuwa hawajamhesabu.

Sisi nasi tuna kidonda chetu. Baada ya vurugu na vifo vilivyoambatana na Uchaguzi Mkuu wa Oktoba 29, 2025, Rais aliunda tume maalumu ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Sina neno juu ya sifa za walioteuliwa. Hoja yangu ni ya muundo. Tume maalumu huzaliwa na aliyeiteua, huongozwa na hadidu za rejea alizoziandika yeye, na hukoma inapomkabidhi taarifa. Baada ya hapo hakuna wa kumuuliza mbona pendekezo fulani halijatekelezwa, kwa sababu aliyelitoa hayupo tena kama chombo. Nchi ambayo tayari ina tume ya kudumu iliyotajwa ndani ya Katiba, yenye wajibu wa kufanya uchunguzi juu ya uvunjaji wa haki za binadamu, inapojikuta inahitaji kuunda nyingine siku ya msiba mkubwa, inapaswa kujiuliza imekosa nini katika ile ya kwanza. Wapo waliopoteza ndugu wanaohitaji kupeleka majina, tarehe na mahali kwenye chombo ambacho kitakuwapo mwakani, na mwaka wa baadaye, na ambacho hakiwezi kuambiwa kiache.

Siwaandikii kulaumu watumishi wa Tume. Niliowahi kufanya nao kazi ni watu wanaosafiri kwa mabasi, wanaojibu simu jioni, na wanaojua sheria yao vizuri. Wanastahili kupewa chombo kinacholingana na bidii yao.

Waheshimiwa, mabadiliko ninayoyaomba yako ya aina mbili, na sipendi yachanganywe ili yacheleweshane. Kufuta ibara ndogo ya (3) ya Ibara ya 130, kuyaondoa yale maneno ya zuio katika ibara ndogo ya (4), na kubadili njia ya taarifa katika Ibara ya 131, kunahitaji Katiba irekebishwe. Mchakato wa Katiba mpya umesimama tangu kura ya maoni ya Aprili 2015 ilipoahirishwa, na wapo watakaosema tuusubiri. Katiba hii imeshafanyiwa mabadiliko mara nyingi bila kusubiri nyingine, na Tume yenyewe ilizaliwa kwa njia hiyo. Lakini muda wa kujibu mapendekezo, usajili wake Mahakama Kuu, na muda wa kujaza nafasi zilizo wazi, ni mambo ambayo nadhani yanaweza kuingizwa katika Sheria Na. 7 ya mwaka 2001 kwa muswada mmoja mfupi. Mheshimiwa Waziri, muswada huo unaweza kuuleta wewe. Na kama hukuuleta, Kanuni za Bunge zinamruhusu Mbunge yeyote kati yenu kuuleta kama muswada binafsi.

Mama wa daftari alirudi kwangu mwezi uliopita. Mkono wa mwanawe umeunga vibaya na hawezi tena kushika usukani wa pikipiki kwa muda mrefu. Sasa anauza vocha na soda karibu na stendi. Lalamiko lao bado liko wazi. Daftari ameliacha kwangu, ndani ya bahasha, kwa sababu paa la nyumba yake linavuja. Swali lake sijamjibu bado, na amesema atapita tena baada ya mavuno.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Msaidizi wa kisheria
Kanda ya Ziwa